Dawa Isiyopigiwa Debe

Tangu nianze kazi ya tiba shufaa, yaani kuwatuliza maumivu wagonjwa mahututi, hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, sijawahi kuona mtu akiingia mlangoni na mkoba mzuri kuja kuisifu mofini ya maji. Haina kalenda ya ukutani, haina kalamu, haina fulana, wala haina chakula cha mchana hotelini. Inakuja kwenye chupa ya plastiki isiyo na urembo. Ile nyepesi, ya miligramu 5 katika kila mililita 5, imetiwa rangi ya kijani ili tusiichanganye na iliyo kali. Inafungiwa kwenye kabati la kufuli mbili, kila kipimo kinaandikwa daftarini, na mgonjwa hatozwi hata shilingi.

Dawa nyingine za maumivu zina wenyewe wa kuzisemea. Wanapita kliniki hadi kliniki, duka hadi duka, kutoka barabara kuu ya mjini mpaka Koboko mpakani. Tofauti hiyo nilianza kuitazama kwa makini baada ya familia moja kukataa mofini kwa sababu ya habari za Marekani. Ndipo nikaanza kusoma kesi za kampuni za dawa, moja baada ya nyingine, usiku watoto wakishalala. Nilichokikuta humo naona kinatuhusu sisi wa West Nile, eneo letu hili la Arua, kama kinavyowahusu watu wa Virginia huko Marekani.

Mgonjwa alikuwa mama wa makamo mwenye saratani ya shingo ya kizazi, ile inayoongoza kwa wanawake wa Uganda. Ilikuwa imeshapanda mgongoni. Nyumba yao iko nje ya mji, barabara ya kwenda Vurra. Nilimkuta amepiga magoti juu ya kitanda, kifua amekilaza kwenye mito miwili, maana chali hawezi na ubavu hawezi. Usiku alikuwa analala hivyohivyo, magoti yamechubuka. Nilipotoa chupa, mtoto wake mkubwa, aliyekuwa amerudi kutoka Juba anakofanya biashara, akanizuia kwa adabu kabisa.

"Sista, samahani. Hii si ndiyo inayomaliza watu Marekani? Nimeona video. Wanaanguka njiani."

"Ulichoona ni kweli, kaka," nikamwambia. "Wanaanguka kweli, na wengine hawaamki."

"Sasa unampa mama yangu?"

Kabla sijajibu, mama akageuza uso kutoka kwenye mto. "Mwanangu, habari za Marekani mimi sizijui. Mgongo ni wangu."

Tukakubaliana aanze kwa kipimo kidogo, kijana akiona kwa macho yake. Ratiba niliiandika kwa kalamu nene nyuma ya karatasi ya kalenda: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, halafu saa nne usiku kipimo mara mbili ili asiamshwe na maumivu usiku wa manane. Nikaongeza dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga tumbo. Vidonge vikikosekana, mbegu za papai zilizosagwa husaidia, na wauguzi wa tiba shufaa Uganda wamezitumia kwa miaka mingi. Niliporudi kumwona, mama alikuwa amelala ubavu, tena anakoroma. Yule kijana akanitolea kiti nje, chini ya mwembe, akaniuliza swali ambalo halijaniacha mpaka leo: kama dawa ni ya ukoo mmoja, kwa nini kule imeua na hapa imemlaza mama yangu?

Siku ile nilimjibu kwa kifupi. Jibu refu ni hili.

Kule mambo yalianzia kwenye oksikodoni, ndugu ya mofini. Kampuni ya Purdue Pharma, iliyomilikiwa na familia ya Sackler, iliiingiza sokoni mwaka 1996 kwa jina la OxyContin, kidonge kinachoachia dawa polepole kwa saa 12. Wagonjwa wa saratani walishazijua dawa za namna hiyo. Lakini wagonjwa wa saratani ni wachache, na fedha ilikuwa kwa wenye maumivu ya mgongo, magoti na viungo, watu ambao wangemeza kidonge kwa miaka. Ili daktari wa kijijini akubali kumwandikia mtu wa namna hiyo dawa ya jamii ya afyuni, kundi la mofini na oksikodoni, ilibidi kwanza hofu yake iondolewe. Kazi hiyo ndiyo waliyopewa wauzaji.

Walifundishwa kusema kwamba uraibu hutokea kwa chini ya asilimia moja ya wagonjwa. Nilitaka kujua asilimia hiyo imetoka wapi. Sehemu kubwa ya imani hiyo iliegemea barua moja iliyochapishwa mwaka 1980 katika jarida la New England Journal of Medicine, barua ya sentensi tano tu. Waandishi wake, Jane Porter na Hershel Jick wa Boston, walisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za afyuni angalau mara moja wakiwa hospitalini, walipata kumbukumbu za uraibu kwa wanne. Hawakusema zaidi ya hapo. Mimi ni muuguzi, na ukinisomea sentensi hiyo naona wodi. Naona mgonjwa kitandani, dawa iko mikononi mwa sista, anapewa siku chache baada ya upasuaji, kisha anakwenda nyumbani. Barua haikufuatilia nini kilitokea nyumbani, na haikumhusu mtu anayepewa vidonge vya mwezi mzima aende navyo. Mwaka 2017 watafiti walihesabu walioitaja barua ile katika maandishi ya kitabibu wakakuta mara 608, na wengi waliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra. Ilikuwa kweli ndogo ya wodini, na kwa kukatiwa maneno yake ya pembeni ikafanywa ahadi kwa nchi nzima.

Na ahadi ilihitaji wabebaji. Kati ya 1996 na 2001 Purdue iliandaa mikutano zaidi ya 40 ya kulipiwa kila kitu, ikahudhuriwa na madaktari, wafamasia na wauguzi zaidi ya 5,000. Kulikuwa na kofia za kuvulia samaki zenye jina la dawa, midoli, na kuponi za kumpa mgonjwa vidonge vya kuanzia bure. Mwaka 2001 muuzaji wa kampuni hiyo alilipwa mshahara wa wastani wa dola 55,000, lakini bonasi yake ya wastani ilikuwa dola 71,500. Bonasi ikizidi mshahara, mtu ataipigia debe dawa hata pale moyo wake unapomwambia anyamaze. Mauzo yalipanda kutoka dola milioni 48 mwaka 1996 hadi karibu bilioni 1.1 mwaka 2000.

Mwaka 2007, huko Virginia, kampuni dada ya Purdue na wakuu wake watatu walikiri mahakamani kosa la kuitolea dawa maelezo ya upotoshaji. Walilipa jumla ya dola milioni 634.5. Hakuna aliyefungwa, na vidonge viliendelea kuuzwa. Mwaka 2020 Purdue ikakiri tena, safari hii makosa matatu ya jinai, yakiwemo ya malipo haramu yaliyokusudiwa kushawishi dawa iandikwe. Kesi za majimbo, miji na familia zilikuwa zimeshaifikisha kwenye kufilisika. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa mpango ambao ungeikinga familia ya Sackler isishitakiwe tena, na mwaka 2025 ukapitishwa mpango mpya wa dola bilioni 7.4. Wakati huo makaburi yalikuwa yamejaa. Mwaka 2022 peke yake dawa za jamii ya afyuni ziliua zaidi ya watu 80,000 nchini humo. Wengi wa mwaka huo waliuawa na fentanili ya magendo, dawa nyingine ya jamii hiyo, na ni haki kulisema hilo, lakini waraibu wengi wa mwanzo walipatikana kwa vidonge vilivyoandikwa kwa kalamu ya daktari.

Huku kwetu nako kuna wabebaji. Jioni nyingine huwa nasaidia kwenye kliniki ya binafsi hapa mjini, na huko ndiko nilikomwona mmoja kwa karibu. Alikuwa kijana nadhifu, mpole, mwenye salamu kamili kama tunavyopenda West Nile: habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Kisha akafungua jalada lake la plastiki. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya bibi anacheka na mjukuu. Ukurasa wa pili ulikuwa na grafu ya nguzo mbili, ya dawa yake imepanda juu, ya dawa nyingine iko chini karibu na sakafu. Dawa yenyewe ilikuwa kapsuli za tramadoli, dawa ya maumivu ambayo nayo ni ya jamii ya afyuni.

"Sista, hii ni nguvu ya mofini bila matatizo ya mofini," akasema. "Haileti mazoea."

Nikaomba niishike grafu mwenyewe. Mstari wa pembeni haukuanzia sifuri, ulianzia sitini. Ndiyo maana nguzo moja ilionekana kibeti mbele ya nyingine, ilhali ukisoma namba zenyewe zilikuwa zimepishana kidogo tu. Kisha nikafungua boksi la sampuli aliloleta, nikatoa ile karatasi nyembamba inayokunjwa mara nyingi mpaka inatosha ndani ya boksi. Herufi zake ni ndogo, nikaisogeza dirishani. Nikamsomea kwa sauti: dawa inaweza kuleta utegemezi, inaweza kuleta degedege, isichanganywe na baadhi ya dawa za sonona, isiachwe ghafla. Kampuni ni ileile, dawa ni ileile, karatasi mbili, na kila moja ina habari yake.

Hakukasirika. Alitabasamu kidogo, akasema maneno niliyoyaandika siku hiyohiyo ili nisiyasahau: "Hiyo ya ndani ni ya sheria, sista. Hii yenye picha ndiyo ya kazi."

Nikamwomba aniachie zote mbili. Ile ya sheria alinipa. Ile ya kazi akasema haibaki kwenye kliniki, sharti arudi nayo Kampala. Kabla ya kuondoka akamweleza mwenye kliniki kwamba ukichukua boksi kumi unaongezewa mbili, na kwamba wanaoandika dawa hiyo kwa wingi hutumiwa muda wa maongezi kwenye simu. Mwenye kliniki alichukua. Simlaumu sana yule kijana. Ana lengo la mwezi, ana pikipiki ya mkopo, na akishindwa kufikisha, nafasi yake inachukuliwa na mwingine mwenye jalada lilelile. Lakini baada ya muda walianza kuja vijana wa bodaboda wakiuliza kapsuli kwa rangi yake, bila cheti, bila maumivu, wakisema inawapa nguvu ya kuendesha mpaka usiku. Kuna jioni nilimrudisha mmoja mikono mitupu, akanitazama kwa macho mekundu, akasema ataipata mbele. Na kweli mbele alikuwa na uhakika wa kuipata.

Tramadoli si sumu. Ina mahali pake, na nimeona ikimsaidia mtu. Ninachokipinga ni mtu kuja kuniambia haileti mazoea wakati anajua karatasi yake mwenyewe inasema vingine.

Tangu siku ile, kila nikisoma kesi naangalia karatasi zilitoka wapi. Mwaka 1996 mwanasayansi aitwaye David Franklin aliajiriwa na kampuni ya Parke-Davis, akaacha kazi baada ya miezi michache. Alikuwa amegundua kwamba wanatumwa kuisukuma Neurontin, dawa ya kifafa, kwa maradhi ambayo haikuidhinishwa kuyatibu. Aliondoka na nyaraka na ujumbe wa sauti wa wakubwa zake. Mwaka 2004 kampuni mama, Warner-Lambert, ikiwa tayari mikononi mwa Pfizer, ilikiri kosa ikalipa dola milioni 430. Kwenye suala la Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo ambayo Merck iliiondoa sokoni tarehe 30 Septemba 2004 kwa ajili ya hatari ya moyo na kiharusi, ulitoka waraka wa kuwafundishia wauzaji. Ulikuwa na orodha ya maswali magumu ambayo daktari anaweza kuuliza, na kurasa zake za mwisho zikawa na amri moja tu kwa muuzaji: kwepa. Nilipousoma huo nilimkumbuka kijana wetu na tabasamu lake. Tabasamu kama lile hufundishwa.

Ila kesi iliyonichoma kuliko zote ni ya Insys, kampuni nyingine ya Marekani, kwa sababu dawa yao ilikuwa ya wagonjwa wangu. Walitengeneza fentanili ya kupuliza chini ya ulimi, ikaidhinishwa mwaka 2012 kwa mgonjwa wa saratani ambaye tayari anatumia dawa za afyuni na bado maumivu yanamvamia ghafla. Namjua mgonjwa huyo. Nimekaa naye. Kampuni iliona wagonjwa wa aina hiyo hawatoshi kuleta faida inayotakiwa, ikaanza kuwalipa madaktari fedha kwa jina la kutoa mihadhara. Mingi ya mihadhara hiyo ilikuwa chakula cha jioni tu, na malipo yalitegemea nani anaandika dawa kiasi gani. Watu wasio na saratani wakapuliziwa fentanili. Mwanzilishi wake, John Kapoor, alitiwa hatiani Boston mwaka 2019, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 66. Jina la mgonjwa anayekufa kwa maumivu lilitumika kama ufunguo wa kufungulia mlango, kisha mgonjwa mwenyewe akaachwa nje.

Uganda sheria ipo. Sheria ya mwaka 1993 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, na tangazo la dawa linatakiwa lipite kwao kwanza. Shirika la Afya Duniani nalo lilishatoa vigezo vya maadili ya kutangaza dawa tangu 1988. Shida ninayoiona mimi nikiwa chini huku ni kwamba maneno yanayofanya madhara husemwa kwa mdomo, kwenye chumba chenye watu wawili, kutoka kwenye jalada linalorudi Kampala jioni. Ukienda kulalamika, unakwenda na nini mkononi? Wamarekani walishinda kwa barua, kwa rekodi, kwa waraka wa mafunzo, kwa mtu wa ndani aliyeamua kusema. Kwa hiyo siku hizi mtu akija na jalada, namwomba ruhusa nipige picha kurasa anazonionyesha. Akikataa, na wengi hukataa, naandika tarehe, jina la dawa na maneno aliyoyasema, nabandika pembeni karatasi ya ndani ya boksi. Sanduku langu la faili limeanza kuwa zito. Wauguzi wenzangu wawili wa Nebbi na Yumbe wameanza na wao.

Sasa nirudi kwenye swali la yule kijana wa Juba, maana nusu ya jibu iko hapahapa nyumbani.

Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alifika Kampala akaanzisha Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa, katika nyumba ndogo waliyoazimwa na hospitali ya Nsambya. Alikuja na kanuni aliyoifanyia kazi na wafamasia huko Singapore: unga wa mofini, maji safi, rangi na kihifadhi, basi. Ni dawa ya kunywa ambayo mtu anaweza kuitumia kitandani kwake kijijini. Serikali ilikubali unga uingizwe. Lakini madaktari walikuwa wachache, na wagonjwa wengi wa saratani wako mbali na daktari yeyote. Mwaka 2004 zikapitishwa kanuni zilizowaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe. Barani Afrika hakukuwa na nchi iliyokuwa imethubutu hivyo. Miaka michache baadaye serikali ikaanza kununua unga kwa ajili ya nchi nzima, hospisi ikatengeneza dawa, bohari kuu ya serikali, NMS, ikaisambaza bila malipo.

Angalia mpangilio huo. Kwanza sheria, kisha darasa, kisha mtihani, kisha daftari, ndipo chupa. Mimi nilifundishwa mofini na watu ambao hawapati senti moja nikiandika chupa moja au mia. Walinifundisha lini niipe, na walinifundisha kwa muda mrefu zaidi lini nisiipe. Walinifundisha kuuliza habari za kila aliyemo ndani ya nyumba kabla ya kuacha chupa, nani anakunywa pombe, nani ana watoto wadogo, funguo zinakaa kwa nani. Mgonjwa akifariki, tunakwenda kutoa pole na tunarudi na kilichobaki kwenye chupa, tunakipima, tunakiandika. Kuna familia huona vibaya kuulizwa chupa wakati matanga hayajaisha. Nawaelewa. Bado tunauliza.

Hilo ndilo nililomwambia kijana siku nyingine aliponipigia simu akiwa Juba. Afyuni ni kali kotekote. Kule ilipewa miguu na watu wanaolipwa kwa kila kidonge, na yeyote aliyeuliza juu ya hatari alionekana kikwazo cha mauzo. Hapa ilikuja kwa njia ambayo kila hatua ina mtu wa kuuliza.

Lakini dhambi za kule zinatuandama hata sisi ambao hatukula nao. Mei 2019 wabunge wawili wa Marekani walitoa ripoti wakidai kwamba Purdue ilikuwa imejipenyeza kwenye miongozo miwili ya Shirika la Afya Duniani kuhusu dawa za maumivu. Mwezi uliofuata shirika likaiondoa miongozo hiyo. Kuisafisha karatasi iliyoguswa na muuzaji ni haki. Ila kwa mhudumu wa kituo cha afya huku wilayani, kilichofika masikioni ni kwamba hata wakubwa wa dunia wameikana mofini. Nimekutana na afisa tabibu mwenye sifa zote za kuiandika ambaye hataki, anaogopa. Na jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilikuwa limeshaonyesha mwaka 2017 jinsi dawa hizi zinavyogawanyika: kati ya tani 298.5 za afyuni za tiba, kwa kipimo cha mofini, zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi hupata kama tani 0.1. Wenzetu wamezama kwenye mafuriko, nasi tunaambiwa tuogope maji ya kunywa.

Ndiyo maana naichukulia kesi ya kila muuzaji mwongo kama kesi yangu. Anayedanganya kwamba dawa haina hatari hamdhuru tu anayeimeza. Anamdhuru pia mama wa barabara ya Vurra, ambaye mtoto wake amesikia habari za uongo ule ulipofumuka, akaamua kwamba dawa zote za namna hiyo ni kifo.

Kuna jambo bado linaninyima usingizi. Zipo wiki ambazo mofini inakwisha kwetu. Kapsuli za yule kijana hazikosekani, maana kuna mtu ambaye bonasi yake inategemea ziwepo, na akisikia duka limebakiwa na boksi mbili anapiga simu kabla mwenye duka hajapiga. Kwa mofini ya maji hakuna mtu wa hivyo. Ikikwisha, ni sisi wauguzi tunaompigia mfamasia wa hospitali, anapiga NMS, anajibiwa gari litakuja. Mgonjwa anarudi kupiga magoti kitandani.

Nimeanza kuhesabu chupa kila Jumatatu badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Hesabu naituma kwa mganga mkuu wa wilaya, nakala kwa mfamasia, nakala naibakiza mwenyewe. Nimewaomba na viongozi wa kanisa na wa msikiti ambao waumini wao wana wagonjwa waulize swali hilohilo ofisini kwa wilaya, kwa heshima lakini bila kuchoka: mofini ipo? Imamu mmoja ameshakwenda mara ya pili. Mara ya kwanza walimwambia hawajui. Mara ya pili walikuwa na namba.